Raki ya Tangini Haijawahi Kumwangukia Mtu

Vaileth wangu ameitwa. Jumamosi wanakuja watu wa kampuni ya mjini inayofunga mitambo, wanapanda wenyewe kilima hiki cha Goba kuja kuangalia raki aliyoisimamisha mwanangu kwa mikono yake, na wakiridhika na watakachokiona, Jumatatu anaanza kazi. Nimelisema hilo kwanza kwa sababu nimekaa nalo tangu jana jioni kama mtu aliyeshika sufuria ya uji bila kitambaa, na sasa kwa kuwa nimeshalitua, tusalimiane.

(Vigelegele. Mtu anapiga honi ya pikipiki.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu wa Tangini, ambaye hakuweza kufika lakini koti lake lipo pale kwenye kiti na naomba lihesabiwe. Mzee wetu Hashil, mfanyabiashara mkongwe, mwenye duka, mwenye stoo na mwenye sakafu. Mwalimu Ansbert, msomi wetu wa hesabu, ambaye leo nimemwomba kwa heshima zote asihesabu. Bi Sekela wa saluni, mratibu wetu wa masuala ya vitambaa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda mkiongozwa na Rogers, ambaye nimemwambia azime pikipiki na bado hajazima. Akina mama wenzangu wa jumuiya. Wenye nyumba, wapangaji, na wale ambao mpaka leo haijajulikana ni wenye nyumba au ni wapangaji. Mabibi na mabwana. Wazee wangu, shikamooni.

(Marahaba, kutoka upande wa Mzee Hashil.)

Itifaki nimeizingatia yote, na anayeona hajazingatiwa aje nyumbani, chai ipo.

Mie niliyesimama mbele yenu naitwa Kokushubila, mama mzazi wa Vaileth, na kwa sifa hiyo hiyo ni Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Usalama wa Ufungaji wa Mitambo ya Raki, kamati ambayo mwaka jana ilikuwa ya muda kweli lakini sasa imeshaota mizizi. Elimu yangu ni darasa la saba, nilimalizia Muleba, sikurudia darasa hata moja, na hilo liingie kwenye kumbukumbu za mkutano.

(Makofi. Rogers anazima pikipiki.)

Ndugu wananchi, kwa faida ya wale waliohamia juzi, naomba nifanye upembuzi yakinifu wa jambo lenyewe. Raki ni kabati la chuma, refu kumpita Rogers, lina mlango wa kioo kwa mbele, na ndani lina nguzo zenye matundu kuanzia juu mpaka chini, ambapo kwa muktadha wa kitaalamu mitambo ya umeme inafungwa kwa skrubu kwenye zile nguzo, mmoja juu ya mwenzake, kama vitanda vya bweni. Hii ya kwetu ilitoka kwenye ofisi moja ya mjini iliyokuwa inahama, wao wakaiona takataka, Vaileth akaiomba, ikapakiwa kwenye toyo ya magurudumu matatu pale Manzese, ikaja mpaka kwenye mteremko wa hapa chini ambapo toyo ilikata tamaa, na kutokea hapo ilisukumwa na viongozi wenu. Nikisema viongozi namaanisha mie na Bi Sekela.

Na kwa nini tuliisukuma? Kwa sababu mwanangu kamaliza chuo cha ufundi, cheti chake kipo kwenye fremu ukutani kwangu, aliyekuja nyumbani bila kukiona ni yule aliyeingilia mlango wa jikoni, lakini kila anakopeleka maombi ya kazi anaulizwa una uzoefu gani, umefunga wapi, tuonyeshe. Mtoto atatoa wapi uzoefu kabla ya kazi, na uzoefu hauuzwi dukani kwa Mzee Hashil? Ndipo kamati yangu ilipokaa, nikajadiliana, nikakubaliana, na nikazindua Mpango Mkakati wa Tangini ya Kidijitali: intaneti mtaa mzima, kamera ya usalama kila kona ili vioo vya pikipiki ya Rogers visiibwe tena, wanafunzi wa Mwalimu Ansbert wasome masomo yao hewani, na stoo ya Mzee Hashil iwe moyo wa mfumo mzima.

(Rogers: "Mama Vaileth, sasa hiyo intaneti inawaka lini? Mie bando linaniishia hapa.")

Swali lako ni zuri mwanangu, limepokelewa, na litajibiwa kwenye kipengele cha mwisho cha hotuba hii, kipengele ambacho mie mwenyewe natamani kichelewe.

Naomba sasa nisome mafanikio. Tangu raki hii isimame, hakuna mkazi hata mmoja wa Tangini aliyepigwa shoti na mitambo yake. Hakuna mtambo ulioungua. Hakuna mtambo uliochomoka ukamwangukia mtu mguuni. Kwa lugha ya tathmini na ufuatiliaji, usalama wetu ni asilimia mia, na nendeni mitaa mingine yenye raki mkaulize kama wana rekodi hiyo. Hawana. Wao mitambo yao inapata joto, inazimika, inaita mafundi kila mara. Ya kwetu haijawahi kuita fundi.

(Makofi marefu. Mwalimu Ansbert hapigi makofi. Anaangalia juu kama mtu anayegawanya.)

Mwalimu, nilikuomba.

Nikienda kwenye hatua za utekelezaji, hatua ya kwanza ilikuwa sakafu, na hapa nitaeleza kwa kina kwa sababu nilikuwepo. Nyie mnajua Goba yetu, hakuna mahali palipo sawa, hata chai kikombeni inakaa upande. Raki iliwekwa stoo, ikasimama, tukapiga picha, mie nikafungua ule mlango wa kioo nikatundika mkoba wangu kwenye kishikio ili mikono ipate nafasi ya kushangilia. Kabati likaanza kunijia. Pole pole, kama mtu mzima anayetaka kukunong'oneza jambo. Vaileth akaliwekea bega.

"Mama, toa mkoba."

"Una Biblia ndani."

"Toa mkoba na Biblia, Mama, bega langu siyo la chuma."

Nikatoa. Ndipo mwanangu akatangaza kwamba hakuna kitakachofungwa humo mpaka kabati lenyewe lifungwe kwanza kwenye sakafu kwa bolti, maana raki ndefu isiyoshikiliwa chini ni mtego. Mzee Hashil, ambaye ni mtu wa heshima na nitamshukuru baadaye kwa urefu, akaja mbio na msuli wake.

"Binti, sakafu hii kaimwaga marehemu baba yangu. Duka hili lina umri kuliko barabara. Hutoboi."

"Mzee wangu, na raki ikimwangukia mteja?"

"Kwani itaanguka? Chuma lote hilo?"

Vaileth hakubishana. Alimwomba asogee kando, akafungua mlango wa kioo, akaweka kidole kimoja juu ya kabati, kimoja tu, akavuta. Kabati likainama mpaka likaishika kofia ya Mzee Hashil na kuiangusha kwenye gunia la sukari. Mzee akaiokota, akaipangusa, akaivaa, akasema neno moja.

(Mzee Hashil, akiwa amekaa: "Toboa.")

Toboa. Hilo ndilo neno. Leo hii raki ile mkiisukuma wote nyie haitikisiki, na napendekeza msijaribu.

Hatua ya pili ilikuwa kanuni ya uzito. Vaileth anasema mtambo mzito unakaa chini kabisa, unafuata mwepesi, mwepesi zaidi juu, na kila mtambo mzito unanyanyuliwa na watu wawili, siyo mtu mmoja anayetaka kuonekana na wasichana. Anasema tena kwamba ukishafunga, hairuhusiwi kuvuta mitambo miwili nje kwa wakati mmoja, maana raki yote inaegemea mbele. Sasa wataalamu wanadhani mtoto kayajua hayo chuoni. Ndugu zangu, mtoto huyu tangu akiwa mdogo akipanga sufuria zangu, kubwa chini, ndogo juu, vifuniko pembeni. Chuo kilimpa cheti. Akili alishatoka nayo jikoni kwangu. Sijisifu, natoa historia.

(Vigelegele. Bi Sekela: "Sema tena, mama.")

Nitasema tena mwishoni. Hatua ya tatu, umeme. Hapa kamati ilikutana na changamoto ya kimiundombinu inayoitwa ekstensheni ya Mzee Hashil. Ekstensheni ile, kwa wasioifahamu, ilikuwa imebeba friji ya barafu za ukwaju, drayer ya Bi Sekela inayopitisha waya dirishani, na simu za kijiwe kizima cha bodaboda, na ilikuwa na joto la kutosha kuangulia mayai. Vaileth aliigusa akaondoa mkono haraka. Akasema raki itakuwa na laini yake yenyewe ya umeme, haitachangia na mtu. Mzee Hashil akauliza kwa hiyo barafu zangu zihame. Vaileth akamjibu kwamba hapana Mzee, barafu zibaki, zinazohama ni simu za Rogers. Mgogoro ukaisha, na tangu siku hiyo hata drayer haikati katikati ya kichwa cha mteja, kwa hiyo naweza kusema bila woga kwamba mradi umeshaanza kugusa maisha ya wananchi, hasa kichwani.

Tena kuna waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, umetoka kwenye mwili wa kabati, umepita ukutani, umeingia ardhini kwenye fimbo ya shaba, ili chuma kikishika umeme, umeme uende zake ardhini usimpitie binadamu. Fundi wangu Vaileth akasema ardhi pale isikauke sana. Mie kama Mwenyekiti nikatafsiri agizo hilo kwa vitendo, nikapanda mchicha kuizunguka fimbo, namwagilia kila asubuhi. Ni ethi pekee hapa Goba ambayo unaweza kuila na ugali.

(Kicheko. Rogers: "Tumeshaila, Mama. Haina chumvi.")

Kumbe ni wewe. Tutaongea.

Nakuja kwenye hatua ya nne, hewa, na hapa ndipo mie na mwanangu tulipotofautiana kimtazamo, na sitaki mlisikie kwa watu wengine. Nyie ni mashahidi: katika nyumba zetu, kitu cha thamani kinafunikwa kitambaa. Runinga ina chake, redio ina chake, friji ina chake na mwenzake wa pembeni, hata mtungi wa gesi kwangu una kofia yake. Kitu kisicho na kitambaa ni kitu ambacho mwenyewe hajakipenda. Kwa hiyo raki iliposimama, Bi Sekela kwa uzalendo wake alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, kimoja kipana kikaning'inia mbele ya kile kioo kuanzia juu hadi chini, na kingine nyuma. Ikapendeza. Watu walikuja kutoka Mabibo kuitazama.

Vaileth akarudi, akaona, akakaa chini.

"Mama, mitambo inavuta hewa ya baridi kwa mbele na kutoa joto kwa nyuma. Ukiifunika hivi unaikaba koo."

"Ikibaki uchi watu watasemaje?"

"Watasema ina hewa."

"Acha kwanza, mwanangu. Acha kwa sasa."

Akaniangalia. Mtoto anamjua mama yake. Akaondoa cha nyuma, cha mbele akakiacha, akasema hicho utakiondoa wewe mwenyewe, Mama, siku utakayokuwa tayari. Na ndiyo maana mpaka saa hii ninapohutubia, kitambaa cha mbele kipo mahali pake, kimenyooshwa kwa pasi.

(Vaileth anasimama nyuma ya mkutano, kwapani kashika boksi la vifaa. "Mama, waambie.")

Yapo kwenye aya inayofuata, mwanangu, kaa.

("Umesema hivyo aya nne zilizopita. Jumamosi wanakuja watu, Mama. Wataingia stoo.")

Kaa kidogo tu. Mnaona alivyo, hata mie ananikagua. Ndugu wananchi, itakumbukwa kwamba katika hotuba zangu za nyuma nilimtaja mfadhili, nikasema yupo katika mchakato. Naomba kuwataarifu kwamba mchakato upo. Mfadhili ndiye ambaye kwa sasa hatujapata jina lake, wala anakoishi, wala kama ni mwanaume au mwanamke. Lakini nafasi yake iko wazi na tunamsubiri kwa moyo wa upendo.

(Minong'ono.)

Naingia kwenye shukrani. Namshukuru Mzee Hashil kwa stoo, kwa sakafu ya marehemu baba yake, na kwa kutouliza maswali mengi. Namshukuru Mwalimu Ansbert, ambaye mara mbili aliweka glasi yake ya maji juu ya raki na mara mbili akaiondoa alipoambiwa kwamba juu ya raki siyo meza. Nawashukuru vijana wa bodaboda kwa kusukuma kwa mdomo. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Bi Sekela kwa kile kitambaa cha mbele, ambacho kimetusitiri tangu Pasaka, maana bila hicho mngekuwa mmeshaona siku nyingi kwamba ndani ya ile raki hamna kitu.

(Bi Sekela anashika kifua.)

Hamna hata kimoja. Ni nguzo na matundu yake, na hewa, tena hewa safi sana kwa sababu hakuna kinachoichafua. Mtambo wa intaneti haukuwahi kuja. Kamera hazikuwahi kuja. Tangini ya Kidijitali ilianzia mdomoni kwangu, na huko ndiko imekuwa ikiishi kwa kipindi chote cha utekelezaji.

(Mwalimu Ansbert: "Kwa hiyo ile asilimia mia ya mitambo...")

Mwalimu, nilikuomba usihesabu.

(Mzee Hashil anasimama. "Bi Kokushubila. Sakafu yangu ina matundu manne, bolti nne, fimbo ya shaba uani, mchicha mpaka mlangoni. Yote hayo ya kabati tupu?" Vaileth anapita katikati ya watu mpaka mbele. "Mzee wangu, kabati siyo tupu kwa yule wa kampuni anayekuja. Nilimwambia kwenye simu kwamba halina mitambo. Akaniambia hana haja ya kuona taa zinawaka, taa hata mtoto anawasha. Anataka kuona nimefungaje. Ila akasema niweke vitu ndani, chochote chenye uzito, kiwe kizima kiwe kibovu, aone ninavyonyanyua, ninavyopanga, ninavyoacha nafasi ya hewa, ninavyopitisha waya. Mie vitu vyenyewe ndiyo sina." Anamgeukia mama yake. "Ndiyo maana nilitaka uwaambie.")

Mmesikia wenyewe. Mie nilitaka kumaliza hotuba hii kwa namna nyingine, nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu mustakabali, lakini mtoto kanikatiza na nadhani yeye ndiye aliyefika mahali penyewe kabla yangu. Niseme basi kama mzazi, Uenyekiti nauweka kando kidogo, pale kwenye kiti chenye koti. Raki ile mie niliipamba kwa maneno, yeye akaifunga kwa bolti. Maneno yangu mnaweza kuyarudisha yote. Bolti zake haziondoki, na anayebisha aende akalisukume lile kabati sasa hivi.

(Rogers anakwenda. Linasikika vuta nikuvute stoo. Rogers anarudi anashika bega. "Haliendi, Mama.")

Haliendi. Sasa nawaombeni jambo moja, na ni nyie tu mnaoweza. Hakuna nyumba ya Tangini isiyo na kitu kibovu cha umeme kilichofunikwa kitambaa. Nimeingia majumbani mwenu, nimekunywa chai zenu, navijua. Kuna ving'amuzi vilivyokufa toka tuhamie dijitali. Kuna deki zilizomeza kanda za harusi. Bi Sekela ana redio ya mumewe ambayo haijatoa sauti toka mume mwenyewe alipoacha kutoa. Mwalimu ana ile mashine ya kutunzia umeme wa kompyuta, inalia tu kama kifaranga. Rogers, amplifaya ya singeli iliyotunyima usingizi mpaka Mungu akaingilia kati, ipo chini ya kitanda chako, nimeambiwa na mama yako.

(Mzee Hashil, pole pole: "Mie nina stabilaiza ya umeme. Ya enzi za baba. Watu wawili hawaitoshi." Vaileth: "Hiyo ndiyo ya chini kabisa, Mzee." Mzee Hashil anakaa, anarekebisha kofia. "Basi haya. Nayo ikapumzike kwenye sakafu yake.")

Mmemsikia Mzee. Utaratibu ni huu, na safari hii ni wa Vaileth, siyo wangu. Wenye vizito watangulie, wenye vyepesi wafuate. Kizito kinabebwa na wawili, Rogers narudia, wawili. Hakuna kitakachochomekwa kwenye umeme, na fundi mwenyewe atawaambia wageni kwa mdomo wake kwamba vyote ni vibovu ila ufungaji wake ni mzima. Na vitambaa, ndugu zangu, vitambaa vyote vibaki nyumbani. Cha kwangu ninakiondoa mimi mwenyewe, mbele yenu, hicho nimemwahidi.

Nikisema kizito, nyie mnasema chini. Kizito.

(Chini.)

Kitambaa.

(Nyumbani.)

Mwenye raki ya Tangini ni nani?

(Vaileth. Bi Sekela, peke yake na kwa sauti kubwa: "Na mama yake.")

Na mama yake, ahsante Sekela, liingie kwenye kumbukumbu. Wageni wanafika saa nne. Sie tunakutana stoo kwa Mzee Hashil saa mbili asubuhi, kila mtu na kibovu chake, Jumamosi hii.